Filamu moja, kila mtu ameona yake: tufanyeje ili maoni yetu yawe na maana?

Mdau_SouthB aliuliza:

Habari zenu wadau. Tuna kikundi cha kutazama filamu hapa South B. Tunachagua filamu, kila mtu anaitazama kwa wakati wake, kisha tunakutana Jumamosi kuijadili. Orodha ya sasa ni ya Kenya tupu: Nairobi Half Life, Kati Kati, Supa Modo na The Letter.

Shida ni mbili. Kwanza, hatuelewani hata kwa mambo ya wazi. Huyu anasema picha ilikuwa giza hakuona kitu, yule anasema picha ni safi kabisa. Mmoja hakusikia maneno kwa sababu muziki umeyafunika, mwenzake hana habari na muziki huo. Kuna aliyelalamika kwamba filamu nzima ilionekana kama kipindi cha runinga cha bei rahisi, wengine wakabaki kumshangaa. Pili, kelele hizo zikiisha, maoni yenyewe ni "ilikuwa poa", "mwisho haukunibamba", "saba kwa kumi", halafu tunaagiza chai.

Baadaye tungependa kutazama pamoja kwa projekta, uani kwa mwenzetu, watu kama 20 hivi. Mnaojua mambo haya, tuanzie wapi?

FundiWaSpika:

Anzieni kwenye nakala. Kabla mtu hajafungua mdomo kuhusu filamu, aseme ametazama kwa kifaa gani, ameitoa wapi, picha ilikuwa ya 480, 720 au 1080, na sauti ilipitia wapi. Hapo nusu ya ugomvi itakuwa imeisha, kwa sababu mtagundua kwamba mlikuwa mnabishana kuhusu runinga zenu.

Nitajibu la sauti, la picha nawaachia wenyewe.

Filamu iliyotengenezewa ukumbi mara nyingi ina njia sita za sauti: kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni na moja ya besi. Ndiyo hiyo inayoandikwa 5.1. Maneno ya waigizaji karibu yote huwekwa njia ya katikati. Muziki na sauti za mazingira hukaa kushoto na kulia. Sasa, runinga yako ina spika mbili. Kifaa kikichanganya vizuri, njia ya katikati hugawanywa pande zote mbili ikiwa imepunguzwa desibeli 3. Kikikosea, au kikidhani umeunganisha spika sita, njia ya katikati inakwenda isikokuwa na spika. Unabaki na muziki mnene, milango inayobamiza, na watu wanaoongea kama wako ndani ya pipa. Mtu huyo atakuja Jumamosi kuwaambia kwamba mwongozaji hajui kazi.

Tiba yake ni rahisi. Ingia mipangilio ya sauti ya runinga au kisanduku chako, toa Dolby au Bitstream, weka PCM au Stereo. Ukitumia VLC, programu ya kuchezea filamu, kwenye kompyuta, bonyeza B uone kama faili ina sauti zaidi ya moja. Mara nyingi kuna ya 5.1 na ya stereo, na imejichagulia ile isiyokufaa.

Tatizo la pili ni kwamba ukumbini mnong'ono na mlipuko hutofautiana mno kwa makusudi. Nyumbani jirani yuko nyuma ya ukuta, kwa hiyo unapunguza mlipuko, na mnong'ono unapungua nao. Runinga nyingi zina hali ya usiku ya sauti, iwasheni. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na E, nenda sehemu ya sauti, washa Compressor, weka Threshold kwenye -20, Ratio 4, na Makeup gain 8. Hapo mnong'ono utapanda na bunduki zitashuka. Msizidishe Makeup gain, ikipita 12 mtaanza kusikia pumzi na mvumo wa chumba kila mtu anaponyamaza.

Anayetumia spika ya Bluetooth naye ajue kwamba sauti huchelewa, wakati mwingine robo ya sekunde, na midomo haiendi na maneno. Sikio husamehe ucheleweshaji kiasi. Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 mtu huanza kuhisi, lakini ikichelewa huvumilia hadi 125 hivi. Zaidi ya hapo, mwigizaji mzuri ataonekana mbovu na hutajua kwa nini. VLC ina J na K: sauti ikichelewa bonyeza J, kila bonyezo ni milisekunde 50.

Ila msije mkaitetea kila filamu kwa kisingizio cha spika. Kuna makosa ya waliotengeneza na yanajulikana. Vaa vipokea sauti vya masikioni, sikiliza eneo moja lenye mazungumzo. Ukisikia nguo zikikwaruza mwigizaji akigeuka, kinasa sauti kilifichwa vibaya chini ya shati. Ukisikia mvumo wa barabara ukikatika na kuanza upya kila picha inapobadilika kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, basi walipokuwa pale hawakurekodi ukimya wa mahali penyewe. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha, kila mtu akae kimya, mhariri azitumie baadaye kuziba mapengo. Filamu za bajeti ndogo hapa kwetu hulikosa hilo sana, kwa sababu jua linazama na kila mtu anataka kufunga vyombo. Lawama hiyo ni halali, itoeni bila huruma.

Mwanga_na_Giza:

Fundi amemaliza la sauti. Huyo wa "kipindi cha bei rahisi" hajakosea, macho yake yako sawa. Runinga yake ndiyo inayobuni picha ambazo hazikupigwa. Filamu kwa kawaida ni fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Runinga huonyesha 50, 60 au 120, na ili kujaza pengo inachora fremu za kati yenyewe. Matokeo yake mwendo unateleza mno na filamu inaanza kufanana na taarifa ya habari. Zimeni kitu hicho. Samsung hukiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Runinga za kuanzia 2020 hivi nyingi zina Filmmaker Mode, ukiichagua inazima takataka zote hizo mara moja.

Giza lina sababu kadhaa na zinachanganyikana. Runinga ikitoka dukani huwa kwenye hali kali, Vivid au Dynamic, iliyotengenezwa ishindane na taa za duka. Hiyo huvuta weupe juu na kuzamisha vivuli. Nyingine ina kihisi cha mwanga na hali ya kuokoa umeme, chumba kikiwa na giza inafifisha picha nzima. Mkiunganisha kompyuta kwa waya wa HDMI kuna mtego mwingine: kompyuta inatuma weusi kuanzia 0, runinga inadhani weusi unaanza 16, kwa hiyo kila kilicho kati ya 0 na 16 kinamezwa. Nywele, koti jeusi na ukuta nyuma vinakuwa kitu kimoja. Tafuta HDMI Black Level au RGB Range, upande wa runinga na upande wa kompyuta viwe sawa.

Halafu kuna bando. Netflix yenyewe inahesabu takriban GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na GB 3 kwa HD. Anayetazama kwa hali ya kuokoa bando anapata data kidogo, na kinachokatwa kwanza ni undani wa sehemu za giza. Ndipo mnaona miraba-miraba inayotambaa ukutani usiku. Nairobi Half Life ina usiku mwingi, vichochoro na seli, kwa hiyo itaumia kuliko Supa Modo ambayo sehemu kubwa ni mchana na rangi za wazi. Chagueni fremu moja ya usiku, kila mtu aisimamishe kwake dakika ileile, aseme anaona nini nyuma ya mhusika. Asiyeona kitu asitoe maoni kuhusu upigaji picha mpaka arekebishe kifaa.

Na tafadhali, mistari myeusi juu na chini iacheni. Filamu pana ya 2.39, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo, ukiivuta ijaze kioo cha 16:9 unakata robo ya upana wa picha. Mtu aliyesimama pembeni akisikiliza, ambaye ndiye maana ya eneo lenyewe, anapotea.

Sasa projekta. Kwa watu 20 picha ya upana wa mita 2 inatosha. Angalieni namba inayoitwa throw ratio kwenye karatasi ya projekta. Ikiwa 1.5, mnahitaji umbali wa mita 3 kupata upana wa mita 2, yaani upana mara 1.5. Pimeni ua kabla ya kukodi, msije mkakuta ukuta uko nyuma ya projekta.

Mwangaza ndipo watu wanaliwa pesa. Luthuli Avenue utaona kasha limeandikwa lumeni 9000 kwa projekta inayoingia mfukoni. Ulizeni ANSI, yaani lumeni zilizopimwa kwa kipimo cha kuaminika. Picha ya mita 2 kwa 1.125 ni eneo la mita mraba 2.25. Ili weupe wake ukaribie wa ukumbi wa sinema unahitaji kama lumeni 340 za kweli, giza likiwa kamili. Projekta ya ANSI 500 inaweza kabisa, lakini taa moja ya usalama ya jirani ikimulika pazia mmekwisha, kwa sababu weusi unakuwa kijivu na hakuna projekta inayoweza kuonyesha weusi ulio chini ya mwanga uliopo. Kwa ua wa mjini tafuteni ANSI 2500 hadi 3000. Jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, mwaka mzima, kwa hiyo kabla ya saa moja na robo msijisumbue.

Pazia: shuka moja iliyonyooshwa na kufungwa pande zote nne, isiyo na mshono katikati. Shuka mbili zilizoshonwa zitawapa mstari kwenye uso wa kila mhusika. Nyuma yake wekeni kitambaa cheusi, mwanga usipenye. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka yoyote. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka chini, la sivyo safu ya nyuma itatazama visogo. Safu ya kwanza mita 3 kutoka kwenye pazia, safu nne za watu watano, ya mwisho iwe kama mita 6. Projekta isimamishwe sawa mbele ya pazia. Ile keystone ya kunyoosha picha iliyopinda hupunguza pikseli, itumieni kidogo tu.

Stima ikipotea, projekta ya taa ya kizamani huumia kwa sababu feni inasimama taa ikiwa bado na moto mkali. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inawapa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Ya LED haina shida hiyo sana.

Karani wa Manukuu:

Naongeza la maandishi ya chini, kwa sababu kwa orodha yenu ndilo linaloamua nani ameona nini. Nairobi Half Life inaruka kati ya Kikikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza. The Letter ni Kigiriama na Kiswahili kwa sehemu kubwa. Anayefuata kwa sikio na anayefuata kwa kusoma hawapati mzaha uleule wala tusi lileile, na anayesoma anatumia macho yake chini ya picha wakati mwenzake anatazama uso. Jumamosi muulizane nani alisoma na nani alisikia. Kwa The Letter, mwenye Kigiriama chake kwenye kikundi apewe nafasi ya kwanza kuzungumza.

Maandishi yakipishana na maneno, kwanza jueni ni aina gani. Yakichelewa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, VLC ina G na H, kila bonyezo ni milisekunde 50. Yakianza sawa halafu yakazidi kupishana, hiyo ni tofauti ya fremu: faili ya maandishi ilitengenezewa video ya fremu 25, yenu ni 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni asilimia 4.27. Dakika ya 10 mtakuwa mmepishana sekunde 25 hivi, dakika ya 90 karibu dakika 3 na sekunde 50, yaani mnasoma majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa. G na H hazisaidii hapo. Fungueni faili kwa Subtitle Edit, programu ya bure, mbadilishe fremu, au mlinganishe mstari wa kwanza na wa mwisho, ya kati yatajipanga yenyewe.

Mkiona "ng'ombe" imeandikwa "ngâ€™ombe", faili imesimbwa kwa UTF-8 lakini inasomwa kama Windows-1252, mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi. Badilisheni usimbaji kwenye mipangilio ya maandishi ya VLC iwe UTF-8, mfungue upya filamu.

Anayetaka kuandika manukuu ya Kiswahili mwenyewe kwa ajili ya wazee wa mtaa: mistari isizidi miwili, kila mstari herufi 42, kasi ya kusoma kama herufi 17 kwa sekunde, na hakuna mstari wa kukaa zaidi ya sekunde 7. Kwa watoto na wazee shukeni hadi herufi 13 kwa sekunde. Msitafsiri kila "aah" na "eeh". Na yakateni pale picha inapokatika, jicho likiona picha mpya hurudi kusoma upya maandishi yaleyale.

Nyongeza ndogo: aliyetazama toleo lililosimuliwa na DJ Afro, maoni yake ni ya DJ Afro. Si vibaya, mara nyingi yeye ni bora kuliko filamu yenyewe, lakini aseme.

Mhariri Mkali:

Haya, vifaa vimekaa sawa. Tatizo lenu la pili ndilo gumu, na spika haitalitatua.

"Ilikuwa poa" haina mahali pa kushika. Wekeni kanuni moja: kila maoni yaje na dakika yake. "Inachosha" haikubaliki. "Kuanzia dakika ya 40 hadi 48 hakuna mhusika anayetaka kitu" inakubalika, kwa sababu mwingine anaweza kurudi pale akakubali au akapinga. Andikeni kwa karatasi, saa na maneno matatu tu, bila kusimamisha filamu. Anayesimamisha kila mara hawezi kuzungumzia mwendo wake, ameuharibu mwenyewe.

Mara ya kwanza tazama mfululizo. Ukitaka kurudia, rudia dakika kumi za mwanzo na kumi za mwisho pekee. Mwanzo wa filamu ni ahadi, mwisho ni malipo, na ukiziweka pamoja unaona kama deni limelipwa. Nairobi Half Life inafungua na Mwas, mhusika mkuu, akiuza filamu mashambani kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi. Uigizaji wake ni riziki kabla haujawa ndoto. Baada ya hapo kila anapodanganya mjini, kwenye genge au kwenye jukwaa, unaweza kuuliza kama anaigiza au la. Hapo kuna mjadala wa saa nzima, na hakuna aliyesema saba kwa kumi. Mwulizane pia kuhusu Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas: ni wapi uso wake unabadilika kati ya dunia hizo mbili, na ni mwigizaji au mhariri aliyefanya hivyo? Mwongozaji David Gitonga anazipitanisha dunia hizo, genge halafu mazoezi ya mchezo, na mpangilio wenyewe ni maoni.

Mgawe lawama kwa anayestahili. Eneo likiwa refu mno, jiulize: ungelikata wapi? Ukipata mahali pa kukata na hakuna kinachopotea, ni la mhariri. Ukikata na hadithi ikavunjika lakini bado inachosha, ni la mswada. Maneno yakiwa ya kitabu, mtu anamweleza ndugu yake mambo ambayo ndugu anayajua ("kama unavyojua, baba yetu alifariki mwaka jana"), hapo usimlaumu mwigizaji, hakuna anayeweza kulitamka likawa la kweli. Mwigizaji mlaumu kwa anachofanya wakati mwenzake anaongea. Asiyejua kusikiliza mbele ya kamera haigizi, anasubiri zamu.

Kati Kati ya Mbithi Masya ni ya dakika 75 na watu wengi huitazama vibaya, wanaitazama kama fumbo la "je, wamekufa?" Filamu inakuambia mapema kwamba Kaleche amefika mahali pa waliokufa. Taharuki iko kwingine: kila mmoja pale anakwepa kukumbuka nini, na anakilipia vipi. Atakayekuja kusema "nilijua mapema" mwambieni ndiyo, ulikusudiwa ujue. Zungumzieni jinsi sheria za mahali pale zinavyofichuliwa, moja baada ya nyingine, na kama kuna iliyovunjwa bila sababu.

Supa Modo ya Likarion Wainaina inavuta machozi, na machozi huziba mdomo. Tengenezeni swali litakaloliondoa kundi kwenye "inasikitisha": je, kijiji kizima kinapoamua kumwaminisha Jo, msichana mgonjwa, kwamba ana nguvu za ajabu, wanamfanyia yeye au wanajifanyia wenyewe? Mama ana hoja, Mwix, dada yake Jo, ana hoja, na filamu haimdharau yeyote. Angalieni kamera imesimama upande wa nani kila ubishi unapotokea.

The Letter ni filamu ya hali halisi, msiipe alama za uigizaji. Karisa anarudi kijijini Pwani baada ya nyanya yake kutuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma kuna ardhi. Maswali ya aina hii ni mengine: kamera iliruhusiwa kuingia wapi, nani hakupewa nafasi ya kujieleza, na kipi kingesemwa kama kamera isingekuwepo. Maia Lekow na Christopher King hawaweki msimulizi wa kukuambia uamini nini, kwa hiyo uhariri ndio unaoongea. Fuateni ni nani anayepewa neno la mwisho katika kila kikao cha familia.

Alama za kwa kumi zitupeni. Na msigeuze Jumamosi kuwa Karatasi ya Tatu ya KCSE, "maudhui ya filamu ni haya yafuatayo". Maudhui hayapigwi picha. Kinachopigwa picha ni mtu anafanya jambo.

FundiWaSpika:

Mhariri, kwa alama nakupinga. Tatizo lake ni zinapotajwa. Kila mtu aandike yake kwa karatasi kabla mjadala haujaanza, zikusanywe zikiwa zimekunjwa. Ukiacha zitajwe kwa mdomo, anayeongea kwa nguvu akisema nne, wenye nane watasema sita. Mwishoni waandike tena. Aliyehama kutoka nane hadi tano ana la kueleza, na mara nyingi ndiye mwenye maoni mazuri kuliko wote.

Mhariri Mkali:

Hiyo naikubali, mradi zisisomwe kwa sauti mwanzoni.

Shangazi wa Sinema:

Wanangu, mmesahau serikali na majirani.

Kutazama kila mtu kwake ni jambo lako. Mkikusanya watu 20 uani, hata bila kiingilio, huo si utazamaji wa familia tena. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi ya nyumbani, na haki ya kuonyesha hadharani ni ya mwenye filamu kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mwandikieni mtayarishaji: tarehe, mahali, idadi ya watu, kama kuna kiingilio, na mtatumia nakala gani. Wengi wa hapa nyumbani hufurahi kuulizwa, na wengine hutuma nakala safi kuliko mliyonayo, wakati mwingine na mwongozaji mwenyewe kwa maswali. Hifadhini jibu lao la maandishi.

Maonyesho ya hadharani pia yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayosimamiwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya. Filamu inatakiwa iwe imekaguliwa na kupewa kiwango: GE kwa wote, PG watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, 16, au 18. Angalieni kiwango kabla ya kutangaza, kwa sababu uani watoto huja bila kualikwa. Ikiwa ni ya 16 au 18, mwe na mtu mlangoni, na pazia lisionekane kutoka kwenye balkoni za ghorofa jirani.

Kelele nayo. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha makazi usiku ni kidogo sana. Mkianza saa moja na robo na filamu ya dakika 96 kama Nairobi Half Life, mtapita saa mbili mkiwa katikati ya risasi. Anzeni na Supa Modo au Kati Kati, zote ni kama dakika 75, nazo zitapita saa mbili kwa nusu saa tu. Spika ziwekwe karibu na watu, mbili ndogo pembeni ya viti badala ya moja kubwa karibu na pazia, zikielekea ukuta wenu wala si nyumba za watu. Besi ishushwe, ndiyo inayopita kwenye kuta na kumwamsha mtoto wa jirani. Mwambieni keteka (msimamizi) wa ploti mapema.

Mdau_SouthB:

Asanteni sana, Shangazi na wote. Nimeshanakili haya kwenye kundi letu. Maswali mawili ya haraka: wanaotazama kwa simu kwenye matatu tuwafungie nje? Na mjadala wenyewe uchukue muda gani?

Mwanga_na_Giza:

Msiwafungie. Kwa upande wa picha wakae kimya, kwa sauti wanaweza kuwashinda nyote. Vipokea sauti vya waya vya kawaida hutenganisha kushoto na kulia vizuri kuliko spika za runinga nyembamba, ambazo huelekea chini au ukutani. Ila anayevaa sikio moja ili asikie kondakta akitaja kituo chake abadilishe simu iwe ya mono, iko kwenye mipangilio ya ufikivu. Bila hivyo anapoteza kila kilichowekwa upande wa pili.

Mhariri Mkali:

Dakika 75, zaidi ya hapo mnarudia. Kumi za kwanza ni za vifaa na nakala, na zikiisha, neno "runinga" lisisikike tena. Kisha kila mtu ataje dakika moja ya filamu na alichokiona pale, bila kusema kama ni nzuri au mbaya. Asikatizwe. Mkishamaliza mzunguko mtakuwa na dakika kama kumi na tano za filamu mezani, na mtaona nyingine zimetajwa na watu watatu au wanne. Anzeni kubishana kwa hizo. Mwe na nakala kwenye kompyuta ili mkirudi dakika ya 52 mtazame kilichopo, si mnachokumbuka. Aliyependekeza filamu aongee wa mwisho.

Na asiyemaliza kuitazama aje, ila aseme aliachia wapi. Watatu wakiachia mahali pamoja, mna cha kujadili.